Fakture isipotee, isifike mara mbili

Barua nyingi za mwezi huu kutoka Lubumbashi na miji ya jirani zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: kompyuta za duka, depo na ofisi kuu zipashane habari papo hapo kwa intaneti namna gani, na tujuaje kwamba habari imefika kweli. Tumechagua barua nane.

SWALI: Habari za kazi. Nina depo ya vifaa vya ujenzi Kampemba na maduka mawili, moja Likasi, moja Kolwezi. Kila duka lina programu ya mauzo tuliyoandikiwa na fundi wetu. Ukiuza, fakture inaenda hapo hapo kwenye seva ya ofisi kuu. Intaneti ikiyumba, fakture nyingine hazionekani kabisa na nyingine zinaonekana mara mbili. Fundi anasema kosa ni la mtandao, ninunue laini nzuri zaidi. Ni kweli?
Mwenye depo, Kampemba

JIBU: Mzee, laini nzuri itapunguza shida lakini haitaimaliza. Pesa hiyo ianzie kwenye programu.

Angalia kinachotokea. Duka la Likasi linatuma fakture. Seva inaipokea, inaiandika, inarudisha jibu: nimepata. Laini inakatika jibu likiwa njiani. Duka halikuona jibu, na halina njia yoyote ya kujua kama fakture ilipotea ikienda au jibu lilipotea likirudi. Kwa duka, hali hizo mbili ni sawasawa. Programu ikituma tena, huenda ukapata fakture mbili. Ikinyamaza, huenda ukakosa hata moja. Faiba yenyewe haiondoi utata huo. Unaondolewa na kazi inayofanywa kwenye ncha mbili, dukani na kwenye seva.

Dukani, kila fakture ipewe kitambulisho cha pekee wakati muuzaji anapobonyeza kitufe cha kuuza, kabla ya lolote kutumwa. Kinachofaa ni UUID, namba ya biti 128 ambayo kompyuta huitengeneza yenyewe bila kuuliza seva. Kosa linaloonekana sana kwenye programu za mauzo ni kutengeneza kitambulisho wakati wa kutuma. Hapo kila jaribio linapata kitambulisho kipya, na seva inaona fakture mbili tofauti. Hilo ndilo jambo la kwanza la kumwuliza fundi wako.

Kisha fakture iandikwe kwenye diski ya duka, pamoja na mstari katika jedwali la pili tunaloliita sanduku la kutoka. Viandikwe kwa muamala mmoja: ama vyote viwili viingie, ama vyote viwili visiingie. Kama mnatumia SQLite (hifadhidata ndogo inayokaa ndani ya kompyuta ya duka) katika hali ya WAL (inayoandika mabadiliko kwenye faili la pembeni kwanza), hakikisheni mpangilio wa "synchronous" (unaoamua lini programu ingoje data ifike kweli kwenye diski) uko kwenye FULL. Ikiwa NORMAL, faili haiharibiki, lakini umeme ukikatika ghafla mauzo ya mwisho yanaweza kutoweka kana kwamba hayakufanyika. Kwa mji ambao umeme hukatika bila kubisha hodi, NORMAL haifai kwa pesa.

Programu ndogo ya pembeni inasoma sanduku hilo na kutuma. Muuzaji hasubiri mtandao hata sekunde moja. Mteja anapewa karatasi yake na kuondoka.

Kwenye seva, safu ya kitambulisho iwekewe sharti la kutorudiwa. Katika PostgreSQL (hifadhidata ya seva), amri ya kuandika INSERT yenye ON CONFLICT DO NOTHING inatosha. Fakture ikija mara ya pili, seva haiandiki kitu, lakini inajibu vilevile: nimepata. Wengine huifanya seva irudishe kosa kwa fakture iliyorudiwa, na duka linabaki likiituma mpaka usiku. Halafu, jibu litoke baada ya kuandika kwenye diski kukamilika, kamwe si kabla. Ni kama boni ya kupeleka mzigo: dereva hapewi sahihi lori likiwa bado mlangoni na mifuko haijahesabiwa.

Duka lifute mstari wa sandukuni baada ya kuona jibu, si kabla. Likikosa jibu ndani ya sekunde 30, lijaribu tena baada ya sekunde 2, kisha 4, 8, 16, 32, halafu kila dakika moja, na kila mara liongeze sekunde chache za bahati nasibu. Bila hizo za bahati nasibu, umeme ukirudi maduka yote yanaipigia seva kwa sekunde ileile, yanakwama pamoja, na yanarudia pamoja.

Yako mambo mawili mafundi wengi huyasahau. La kwanza ni fakture mbovu. Tuseme ina msimbo wa bidhaa ambao ofisi kuu haiujui. Seva inaikataa, duka linairudia, na nyingine 200 zilizo nyuma yake zinangoja. Programu itofautishe kushindwa kwa muda (hakuna jibu, au seva ijibu kwa msimbo 503, yaani haipatikani kwa sasa) na kukataliwa (msimbo 400 au 422, yaani kilichotumwa kina kosa). Iliyokataliwa ihamishiwe kando, mtu aonyeshwe, na foleni iendelee. La pili ni namba ya mfuatano ya kila duka: 1, 2, 3, bila kuruka. UUID inazuia kurudiwa, lakini haikuambii kama kuna iliyokosekana. Ofisi ikiwa na Likasi 5411 na Likasi 5413, inajua pale pale kwamba inaidai 5412.

SWALI: Mimi ni mhasibu, si mtu wa kompyuta. Fundi akiniambia mfumo sasa hauwezi kupoteza fakture, nitauhakikisha vipi?
Mhasibu, Kamalondo

JIBU: Mama, usiombe maelezo, omba jaribio, na uwe hapo kwa macho yako. Chagua siku tulivu, mkiwa na karatasi na kalamu. Uza vitu vitano huku kebo ya ruta imechomolewa. Muuzaji asione tofauti yoyote. Rudisha kebo na uhesabu upande wa ofisi: tano, si nne wala sita. Uza tena, na fakture ikianza kwenda chomoa kebo katikati. Rudia hilo mara 20, kwa sababu hitilafu ya jibu kupotea njiani haijitokezi kila mara. Mwisho ni jaribio ambalo mafundi hawalipendi: wakati wa kuuza, zima kompyuta kwa kuchomoa umeme, bila kuifunga kwa utaratibu. Karatasi ikishatoka kwenye printa, fakture lazima iwepo kompyuta ikiwaka tena. Isipokuwepo, programu inachapa kabla ya kuandika kwenye diski, na mpangilio huo unageuzwa kwa kazi ya siku moja.

Zimeni na seva pia, duka likiwa linatuma. Wengi hujaribu upande wa duka peke yake.

SWALI: Jambo. Katika duka letu la Katuba programu inaonyesha alama ya kijani, imeunganishwa, lakini ofisi haipati kitu. Tukifunga programu na kuifungua, vyote vinaingia kwa mkupuo. Inatokea hasa asubuhi, na baada ya mapumziko ya mchana.
Msimamizi wa duka, Katuba

JIBU: Ndugu, mmeshaona ufunguo wenyewe: inatokea baada ya ukimya. Modemu ya simu haikupi njia ya moja kwa moja hadi kwenye seva. Katikati kuna mashine ya kampuni ya simu inayokumbuka nani anaongea na nani, na mazungumzo yakinyamaza kwa muda, mara nyingi dakika chache tu, inayafuta kwenye kumbukumbu yake. Haiambii duka, haiambii seva. Kila upande unaamini mwenzake yupo.

TCP (kanuni ya intaneti inayobeba data kati ya kompyuta mbili) ina kipimo chake cha uhai, ila kwa kawaida yake ni kizito mno kwa kazi hii. Kwenye Linux, hata kikiwashwa, kinasubiri sekunde 7200 za ukimya, kisha kinabisha mara 9 kwa kupishana sekunde 75. Hiyo ni zaidi ya saa 2 na dakika 10 kabla ya kukubali kwamba laini imekufa. Na ukiandika data kwenye laini iliyokufa, mfumo unaipokea bila kulalamika na kuijaribu kwa takribani dakika 15. Ndiyo maana alama inabaki kijani.

Fundi afanye mambo mawili. Programu itume salamu fupi kila sekunde 60, na isipojibiwa ndani ya sekunde 20 ifunge laini na kuifungua upya. Na alama ya kijani isiongozwe na laini, iongozwe na jibu la mwisho la seva: "imepokelewa saa 14:32, zinazosubiri 0". Muuzaji akisoma "zinazosubiri 37" anajua la kufanya bila kupiga simu. Salamu hizo hazifiki mega moja kwa siku nzima, kwa hiyo msiogope gharama.

SWALI: Tuna ofisi Lubumbashi na ofisi Kinshasa. Kwenye ripoti, mzigo unapokelewa Kinshasa kabla haujatoka hapa. Tumeangalia saa za kompyuta zote, ziko sawa.
Idara ya usafirishaji, Lubumbashi

JIBU: Saa ziko sawa, na hapo ndipo penye tatizo. Nchi yetu ina saa mbili: Kinshasa iko UTC+1, yaani saa moja mbele ya saa ya dunia (UTC), Lubumbashi UTC+2. Hati ya kutoka imeandikwa Lubumbashi saa 17:10. Uthibitisho wa Kinshasa umeandikwa dakika kumi baadaye, lakini saa ya ukutani huko inasoma 16:20. Ripoti inapanga kwa tarakimu inazoziona, na uthibitisho unatangulia kwa dakika 50.

Kila kompyuta iandike kwa UTC na itume ikiwa na herufi Z (alama ya UTC) mwishoni, 2025-03-14T15:10:00Z, na kubadilisha kuwa saa ya mahali kufanyike kwenye skrini na kwenye karatasi tu. Katika PostgreSQL tumieni aina ya timestamptz (tarehe na saa inayojali kanda). Majina ya kanda ni Africa/Kinshasa na Africa/Lubumbashi. Asiyechagua kwa makini huipa kompyuta ya Lubumbashi kanda ya Kinshasa, kisha anasogeza mshale kwa mkono ili saa ionekane sawa, na UTC yote inakuwa ya uongo kwa saa moja. Kagueni hilo kabla ya yote. Kufunga siku nako kuna mtego: usiku wa manane wa Lubumbashi ni 22:00Z, wa Kinshasa ni 23:00Z. Amueni siku ya ripoti ni ya wapi, na muiandike kwenye kichwa cha ripoti.

Tukiwa kwenye saa: kompyuta ya zamani ambayo kila umeme ukikatika inarudi miaka ya nyuma, betri yake ya duara kwenye bodi imekwisha, ile CR2032 ya volti 3. Inaonekana ni jambo dogo, lakini tarehe ikirudi nyuma cheti cha usalama cha seva kinaonekana hakijaanza kutumika, na muunganisho wote unakataliwa. Fundi anatafuta kosa kwenye mtandao, naye hataliona huko. Badilisha betri, kisha weka tarehe kwa mkono kwanza, kwa sababu Windows kwa mpangilio wake wa kawaida huenda ikakataa kurekebisha saa iliyopotoka zaidi ya saa 15.

SWALI: Maduka yetu mawili yanaona stoki moja ya simenti, lakini hesabu haikai. Ofisi inasema mifuko 90, depo ina 87. Kesho yake ni kinyume.
Mtunza stoki, Ruashi

JIBU: Programu yenu inatuma salio badala ya kutuma mwendo. Depo ina mifuko 40. Duka moja linauza 3 na kutuma "sasa 37". Wakati huohuo lori linashusha 50 na ofisi inaandika "sasa 90". Ujumbe wowote utakaofika mwisho unafuta kazi ya mwingine, na jibu la kweli, 87, haliandikwi popote.

Tumeni "toa 3" na "ongeza 50", kila mmoja na kitambulisho chake, na seva ijumlishe. Hapo mpangilio wa kufika haubadilishi jumla. Salio linakokotolewa tu, halitumwi. Kuhesabu stoki kwa mikono nako kuingie kama mwendo wa marekebisho, wenye jina la aliyehesabu.

Lakini tuseme wazi: mfuko wa mwisho ukiwa mmoja, na laini imekatika kwenye duka moja, hakuna programu itakayozuia maduka mawili kuuuza. Mgawieni kila duka fungu lake, kwa mfano mifuko 30 na 30, na kuuza zaidi ya fungu kuhitaji laini iliyo hai. Simenti inavumilia hilo. Kwa bidhaa ya bei kubwa iliyo moja moja, jenereta kwa mfano, duka lisiuze bila kuuliza kwanza.

SWALI: Tumeweka Mosquitto (programu ya kati inayopokea na kugawa jumbe) ili maduka yatume kwa MQTT (kanuni ya kutumiana jumbe fupi). Mambo mawili: kompyuta mbili za kuuzia zinaunganishwa na kukatwa kila sekunde chache, na seva ya uhasibu ikizimwa wikendi, Jumatatu sehemu ya mauzo haipo. QoS (kiwango cha uhakika wa ujumbe kufika) tumeweka 1.
Fundi, Kampemba

JIBU: Umechagua chombo kizuri. MQTT ilibuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper kwa ajili ya mabomba ya mafuta yaliyosimamiwa kwa setilaiti, na imezoea laini mbaya.

La kwanza: kompyuta hizo mbili zina kitambulisho kimoja cha mteja, bila shaka kwa sababu ulinakili diski ya moja kwenda nyingine. Kanuni ya MQTT ni kwamba anayekuja na jina lililopo humfukuza aliyetangulia. Wanafukuzana bila mwisho. Mpe kila mmoja jina lake lisilobadilika.

La pili lina sababu tatu zinazoweza kuwa pamoja. Mosquitto haihifadhi foleni kwenye diski mpaka uandike "persistence true". Kila mteja asiyekuwepo anawekewa jumbe 1000 tu, na zinazozidi hutupwa. Ongeza max_queued_messages kulingana na mauzo ya siku tatu. Na programu ya uhasibu iunganishwe bila kufuta kikao chake, la sivyo Mosquitto haiiwekei chochote.

Hata ukirekebisha yote, kumbuka jibu la QoS 1 linatoka kwa Mosquitto, si kwa hifadhidata ya uhasibu. Duka likifuta sanduku lake kwa jibu hilo, limemwachia mtu wa kati. Acha programu ya uhasibu itume jibu lake kwenye mada (njia ya jumbe) ya pili, baada ya kuandika, na duka lingoje hilo. QoS 2 haitakuokoa hapa, nayo inaishia kwa Mosquitto.

SWALI: Kwenye kambi yetu karibu na Kolwezi tuna setilaiti. Faili ya Access (hifadhidata ya Microsoft) iko Lubumbashi, tunaifungua kwa VPN (njia ya siri ndani ya intaneti). Dakika tatu kufunguka, na imeshaharibika mara mbili. Tukaomba nafasi ya wazi kwenye modemu ya 4G ya Lubumbashi ili tuingie moja kwa moja, haikuwezekana.
Ofisi ya kambi

JIBU: Kama setilaiti yenu ni ya juu, ile inayokaa kilomita 35 786 juu ya ikweta, kila swali na jibu lake huchukua takribani sekunde 0,6, na kasi kubwa ya laini haipunguzi hilo. Access husoma faili kwa vipande vidogo: maswali 300 mara 0,6 ni dakika zenu tatu. Na laini ikikatika katikati ya kuandika, faili inaharibika. Msiisogeze kwenye folda ya wingu, mtaharibu zaidi. Kwa sasa ingieni kwenye kompyuta ya Lubumbashi kwa skrini ya mbali, ili faili isomwe palepale ilipo. Baadaye wekeni hifadhidata kambini na sanduku la kutoka kama tulivyoeleza juu.

Kuhusu 4G: tazameni anwani ya nje kwenye ruta. Ikianza na 100.64 hadi 100.127, mko nyuma ya anwani ya pamoja na hakuna atakayewapigia kutoka nje. Kodini seva ndogo, Johannesburg au Ulaya, ya kumbukumbu giga 1 na diski ya giga 25, na pande zote mbili ziipigie hiyo. Kwa WireGuard (programu ya VPN) wekeni PersistentKeepalive = 25 (salamu kila sekunde 25), na kurasa zikifunguka nusu shusheni MTU (ukubwa wa juu wa kila pakiti) hadi 1280. Mlango 5432 wa PostgreSQL usiachwe wazi kwa dunia nzima, hata kwa saa moja. Na ruta ipewe betri yake: volti 12, Ah 7, inashikilia ruta ya wati 10 kwa saa nne hivi ukiitumia nusu ili isife mapema.

SWALI: Tunauza kwa faranga na kwa dola. Ofisi ikipokea, 12,500 wakati mwingine inakuwa kumi na mbili na nusu. TVA (kodi ya ongezeko la thamani) nayo inatofautiana kwa senti moja au mbili.
Duka la vipuri, mtaa wa Kenya, Lubumbashi

JIBU: Kompyuta moja ina Windows ya Kifaransa, ambayo kwake mkato hutenganisha sehemu za kumi, na nyingine ya Kiingereza, ambayo kwake mkato hutenganisha elfu. Namba ikisafiri kama maandishi, kila mmoja anaisoma kwa desturi yake. Tumeni pesa kama namba kamili ya senti, 1250 kwa dola 12,50, na karibu yake msimbo wa sarafu, USD au CDF. Kiwango cha kubadilishia cha wakati ule wa kuuza kisafiri ndani ya fakture ileile; ofisi isiweke chake baadaye, kwa sababu fakture iliyokaa sandukuni siku mbili itapata kiwango kisicho chake.

Senti za TVA zinatoka kwenye kusogeza namba hadi senti iliyo karibu. Mistari mitatu ya dola 3,33 kwa asilimia 16: ukisogeza kodi ya kila mstari unapata 0,53 mara tatu, yaani 1,59. Ukisogeza kodi ya jumla ya 9,99 unapata 1,60. Duka likokotoe mara moja, litume tokeo, na ofisi ihifadhi lililotumwa bila kukokotoa upya.